Dakika Kumi na Mbili za Ijumaa

Mashine ilianza kukwaruza yenyewe Jumapili mchana, Sajini Jefwa akiwa ameketi mbele yake na mikono yote miwili ikiwa mapajani.

Alikuwa peke yake katika chumba cha vielelezo. Konstebo wa zamu, aliyekuwa akicheza karata kwenye skrini tangu asubuhi, alikuwa ameitwa mbele kumsikiliza mtu aliyeibiwa baiskeli, na karata zake zilikuwa bado zimepangwa pale, nyekundu kwa nyeusi. Hakuna aliyegusa kitu. Hata hivyo ndani ya kasha la kompyuta kulisikika sauti kama ya kuku anayeparura vumbi, na kitaa kidogo chekundu cha mbele kikawaka na kuzimika, kikawaka na kuzimika.

Jefwa alitazama saa ya mkononi. Saa nane na dakika tano. Akanyoosha kidole, akasukuma kipanya kiasi cha upana wa ukucha. Mkwaruzo ukakatika papo hapo. Akarudisha mkono mapajani, akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja. Wenzake kituoni walisema Jefwa akiulizwa jina lake hufikiri kwanza. Saa nane na dakika ishirini na tano mashine ikaanza tena. Akaigusa, ikanyamaza. Akangoja dakika ishirini nyingine, ikaanza tena. Aliandika nyakati zote tatu katika daftari lake, kisha akainuka kumtafuta Inspekta Rama.

"Kuna mtu anafanya kazi ndani ya ile kompyuta," alisema.

Rama alikuwa akila chungwa. "Nani?"

"Hilo ndilo nataka kuuliza."

"Jefwa, ndugu yangu." Rama aliweka ganda juu ya gazeti. "Kesho saa tatu yule dada anasimama mbele ya hakimu. Ana ufunguo. Alirudi ofisini amekoga, amebadili nguo, siku ya kazi, mchana kweupe. Na marehemu alikuwa hai saa nane kasorobo. Imesema mashine, sikusema mimi. Wataka nini tena?"

"Fundi. Mpaka jioni tu."

"Mpaka jioni. Na usinivunjie kielelezo."

Mambo yenyewe, kama yalivyokuwa ndani ya faili la kesi, hayakuwa mengi. Erastus Mutua, mwenye miaka thelathini na minne, mchoraji na karani wa ofisi ya kupima ardhi iliyoko ghorofani Mishomoroni, alikutwa Ijumaa saa nane na dakika ishirini amelala kifudifudi chini ya meza ya kompyuta. Kisogo kilikuwa kimepasuliwa kwa kigingi cha chuma, kama vile vinavyochimbiwa kwenye pembe za viwanja kuonyesha mpaka. Ijumaa ofisi ile hufungwa kwa ajili ya sala. Erastus, ambaye hakuwa Mwislamu, alizoea kubaki ndani, na alitaka afungiwe kwa nje ili wenye viwanja wasimsumbue kwa kubisha. Funguo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao Kamau, mwenye ofisi. Wa pili alikuwa nao Mwanatatu, mpiga chapa, na ndiye aliyefungua mlango akamkuta.

Kamau alitoka saa saba na dakika tano. Mwanasaumu, muuza chakula anayekaa chini ya ngazi, alimwona akishuka na akathibitisha. Saa saba na nusu alikuwa Junda, mbele ya wazee ishirini, katika mkutano wa kugawa shamba, wala hakuondoka huko mpaka alasiri. Daktari alisema kifo kilitokea kati ya saa sita na saa nane, na hakuweza kubana zaidi ya hapo. Kilichobana ni kompyuta. Rejista ya viwanja aliyokuwa akiichapa Erastus ilionyesha kwamba imehifadhiwa mara ya mwisho saa nane kasorobo. Dakika kumi baadaye umeme ukakatika mtaa mzima. Basi kama Erastus alichapa mpaka saa nane kasorobo, Kamau hakuwepo, na mwenye ufunguo aliyebaki alikuwa mmoja.

Kesi ya mauaji haina dhamana. Mwanatatu angetoka kortini kwenda rumande, na rumande ya namna hiyo huhesabiwa kwa miaka. Alikuwa na mtoto wa miezi saba. Tangu Ijumaa mtoto alikuwa Junda kwa mama mkwe wake, na mama mkwe alikwisha kutuma neno kituoni kwamba mjukuu wake hamrudishi kwa mwanamke aliyeua.

Fundi aliitwa Mueni. Alikuwa na duka la kutengeneza redio na kompyuta Mjambere, na ndiye aliyeiunganisha mashine ile mwaka uliopita. Alifika saa tisa na nusu na mkoba wa bisibisi, akasimama mlangoni kuvua viatu.

"Hapa huna haja," Jefwa alimwambia.

"Ni mazoea, Afande. Kule kwao nilikataza viatu chumbani, sababu ya vumbi." Aliingia na soksi, akaziona karata kwenye skrini. "Ni nani anacheza hii?"

Konstebo, aliyekuwa amerudi kutoka mbele, alitazama dari.

"Umeshinda mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Siku mbili, mara mbili. Afadhali ulibaki polisi."

Alizifunga karata. Skrini ikabaki tupu, rangi ya maji ya bahari. Jefwa alimweleza kuhusu mkwaruzo, akamsomea nyakati kutoka katika daftari. Mueni alisikiliza bila kumkatiza.

"Sasa hivi inafanya nini?" Jefwa aliuliza.

"Wewe unaonaje?"

"Imekaa tu."

Mueni alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Kikatokea kisanduku cheupe chenye orodha ya majina mafupi, mengine hayana hata irabu. Jefwa aliyahesabu. Yalikuwa tisa.

"Hizi ni kazi," Mueni alisema. "Zote zinaendelea saa hii, na hata moja hukuiona. Mashine ikiwashwa zinaamka zenyewe, zinakaa nyuma. Nyingine zilikuja nayo, nyingine niliziweka mimi. Huyu anangoja printa. Huyu ni wa sauti. Huyu simjui, lakini nikimtoa mashine inagoma, kwa hivyo namwacha na maisha yake."

Jefwa aliangalia orodha kwa muda mrefu.

"Ni kama nyumba za huku kwetu," alisema polepole. "Mgeni anaketi ukumbini, anaona kiti na zulia. Uani kuna anayekuna nazi, kuna anayechota maji, kuna anayefagia. Mgeni hawaoni, anaona sinia imefika."

"Hapo umesema. Na hawa wa uani hawangoji kuambiwa kila siku."

"Anayekwaruza ni yupi?"

Mueni aligusa jina moja kwa ukucha. "Huyu. Ni mkaguzi. Anapitia diski kutafuta palipoharibika. Lakini kazi yake ni nzito; akiifanya wakati mtu anachapa, mashine inavuta miguu kama lori la kokoto. Kwa hivyo amewekewa sharti. Angoje mpaka zipite dakika ishirini bila mashine kuguswa. Ukigusa tu, anaacha, anakupisha."

"Kuguswa na nini?"

"Na mkono, Afande. Kitufe chochote, ama kipanya kisogee."

"Na rejista? Erastus alipoihifadhi saa nane kasorobo..."

"Ni nani aliwaambia Erastus ndiye aliihifadhi?"

Jefwa alifungua faili la kesi, akamwonyesha ukurasa. Mueni aliusoma, akautikisia kichwa.

"Hii ni saa ya kuhifadhiwa. Si saa ya kuchapwa. Umeme wa huku unapotea kila wiki, na walikuwa wanapoteza kazi ya siku nzima, halafu Erastus ananigombeza mimi. Nikamwekea huyu hapa." Ukucha ukashuka majina mawili. "Kila robo saa anahifadhi rejista, iwe imeongezwa neno ama haikuongezwa. Saa saba na robo, saa saba na nusu, saa nane kasorobo. Hangoji mtu. Hata kama chumbani hakuna mtu. Hata kama..."

Ukucha wake ukabaki palepale.

"Hata kama aliye chumbani amekufa," Jefwa alisema.

Konstebo aliacha kutazama dari.

Mwingine angeruka akakimbilia kwa inspekta. Jefwa alibaki kitini. Alichokipata kilikuwa pengo tu. Sasa alijua kwamba saa nane kasorobo haikuwa saa ya Erastus, lakini saa ya Erastus yenyewe hakuijua, na mtu hatolewi mahabusu kwa pengo.

"Basi hakuna anayejua mkono ulitoka lini kwenye vitufe," alisema.

"Mkaguzi anajua." Mueni alisema hivyo kisha uso wake ukabadilika. "Akianza kazi anaandika siku na saa. Akikatizwa anaandika. Lakini daftari lake ni dogo, Afande. Likijaa anarudi juu, anaandika juu ya maneno ya zamani." Akamgeukia konstebo. "Wewe. Siku mbili hizi. Ukienda chai, anaanza: mstari. Ukirudi kwa karata zako: mstari."

"Mimi nilidhani nacheza tu," konstebo alisema kwa sauti ndogo.

"Simama kando na meza," Jefwa alimwambia. Halafu, kwa kuwa ilikuwa haki, akaongeza: "Na mimi leo nimeandika mistari kadhaa."

Mueni hakufungua daftari la mkaguzi mara moja. Alitoa kwanza diski mkobani, akalinakili humo, akaandika tarehe juu ya diski kwa kalamu, akamtaka Jefwa atie sahihi. Ndipo akafungua. Mistari ya Jumamosi ilikuwa juu, ikifuatwa na ya Jumapili, mingi, imebanana. Chini yake ilikuja ya zamani, iliyokuwa ikingoja kufutwa. Alishuka polepole. Jefwa alikuwa ameinama mpaka pumzi yake ikautia ukungu ukingo wa kioo cha skrini.

Jumanne haikuwepo tena. Jumatano ilikuwa imebaki nusu. Alhamisi ilikuwepo: mkaguzi ameanza saa saba na dakika ishirini, amekatizwa saa nane na dakika tatu.

"Hapo Erastus alikuwa ametoka kula, akarudi," Mueni alisema.

Mstari uliofuata ulikuwa wa Ijumaa. Mkaguzi alianza saa saba na dakika kumi na tatu. Baada ya huo, mstari wa Jumamosi asubuhi, mashine ikiwa kituoni.

"Mbona wa Ijumaa hauna mwisho?"

"Hakukatizwa. Umeme ulipotea akiwa kazini, hakupata nafasi ya kuandika. Kama mtu angegusa kipanya, hata kwa kukipangusa vumbi, ingekuwa hapa."

Jefwa alitoa kalamu, akaandika saa saba na dakika kumi na tatu, akatoa dakika ishirini. Ikabaki saa saba kasoro dakika saba. Akarudia hesabu ile pembeni, kwa kuhesabu mbele badala ya nyuma. Ikaja ileile.

Kisha akafunua maelezo ya Kamau, ukurasa wa pili, akayasoma kwa kidole. *Nilipofunga mlango saa saba na dakika tano nilimwacha akichapa. Vitufe nilivisikia mpaka kwenye ngazi.*

"Piga chapa mistari hiyo," alimwambia Mueni. "Nakala tatu."

*

Mwanatatu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Leso aliyojifunga kifuani ilikuwa imelowa maziwa, ikakauka, ikalowa tena, na pale palipokauka palikuwa pagumu kama ubao. Wanawake wawili waliokuwa naye walijisogeza pembeni Jefwa alipochutama nje ya nondo.

"Shikamoo," Mwanatatu alisema, kwa adabu isiyo na moyo.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja."

"Saa nane kasorobo nalikuwa kwangu nikikoga. Nimesema mara sita. Mwataka ya saba?"

"Siulizi saa nane kasorobo. Saa saba ulikuwa wapi?"

Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Saa saba? Mbona hapana aliyeniuliza saa saba?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Nalikuwa Mjambere, naosha maiti."

Mmoja wa wale wanawake alinong'ona jina la Mungu.

"Tulianza adhana ya kwanza ikiadhiniwa," Mwanatatu alisema. "Tukamaliza saa saba na dakika ishirini. Maziko yalikuwa baada ya alasiri, kwani mwanawe marehemu alikuwa njiani kutoka Malindi. Tulikuwa wanne. Tulipomaliza nikenda kwangu nikakoga, nikabadili nguo, nikarudi kazini. Ungekuwa Mwislamu usingeuliza kwa nini nalikoga."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ili iweje? Nyinyi mwasema saa nane kasorobo. Sisi tulikuwa tushamaliza. Mngekwenda mkawabishia wafiwa mlango, na mimi mngeniacha papa hapa." Akashusha sauti. "Na yule marehemu, wengine walikataa kumgusa kwa ajili ya maradhi yake. Sisi tulikubali, tukawapa watu wa nyumba ile ahadi. Kilichoonekana kitandani pa kuoshea hakitoki. Wallahi, hata wewe hukipati."

"Sikitaki. Nipe majina ya wale watatu. Nitawauliza saa, sitauliza kitu kingine."

Alifikiri. Kisha akampa, moja moja, na nyumba ya kila mmoja.

Jefwa aliinuka, magoti yakilia. Mwanatatu akamwita. "Mwanangu mwamjua ala nini? Hajazoea chupa."

Jefwa hakujua, na hakutaka kumdanganya. Alisema hajui.

Wale wanawake watatu aliwakuta kila mmoja kwake, kabla ya magharibi. Kila mmoja alimtazama kwa mashaka mpaka aliposema anataka saa tu. Zote zilikubaliana. Lakini akirudi kwa miguu kutoka Mjambere, Jefwa alijua kazi haijaisha. Kutoka saa saba na dakika ishirini mpaka saa nane na dakika ishirini palikuwa na saa nzima ambayo Mwanatatu hakuwa na shahidi, na Rama angeishika kwa mikono miwili. Karatasi ya mkaguzi ilisema tu kwamba Erastus hakuchapa. Haikusema kwamba alikuwa amekufa. Hilo lilipaswa kutoka kwa mtu.

*

Kamau aliitwa Jumatatu saa moja asubuhi. Aliambiwa anakuja kuthibitisha maelezo yake kabla ya korti. Alikuja amevaa suti ya kijivu, akamsalimia kila mtu kwa mkono, hata konstebo. Inspekta Rama aliketi kwenye kona na kikombe cha chai. Jefwa alikuwa amemwonyesha karatasi usiku uliopita, Rama aliisoma, akasema, "Haya, jaribu. Lakini gari la korti linaondoka saa mbili na nusu."

"Tutapita ukurasa kwa ukurasa, Bwana Kamau," Jefwa alisema. "Ukiona neno si lako, tulifute."

"Bila shaka, Afande."

"Mwanatatu alitoka saa ngapi?"

"Saa sita na dakika ishirini hivi."

"Mkabaki wawili."

"Wawili."

"Marehemu alikuwa akifanya nini?"

"Kuchapa. Alikuwa na rejista ya Junda ya kumaliza."

"Alichapa mpaka ulipotoka?"

"Ndiyo."

"Hakupumzika? Hata kula?"

"Erastus akianza kuchapa hakuli. Hakupumzika hata dakika moja. Mungu amweke pema."

"Na wewe ulikuwa wapi chumbani?"

"Nyuma yake. Nilikuwa nakusanya ramani za mkutano."

"Ramani zote ulikwenda nazo?"

"Zote."

"Kwa hiyo niandike: alichapa bila kupumzika mpaka saa saba na dakika tano, na hakula."

"Andika hivyo."

Jefwa aliandika, akageuza karatasi. Kamau akatia sahihi kwa kalamu yake mwenyewe. Jefwa alipuliza wino ukauke. Ndipo akaweka mezani karatasi ya Mueni na kuisukuma mbele.

Alieleza kama alivyoelezwa, bila haraka: kazi zinazokaa nyuma, mwenye kuhifadhi kila robo saa, mwenye kukagua akiachwa dakika ishirini. Alieleza hesabu. Kamau alisikiliza na tabasamu lililozidi kuwa jembamba.

"Afande, mashine ndiyo shahidi wako?"

"Mashine haimjui mtu. Inajua tu kwamba tangu saa saba kasoro dakika saba haikuguswa. Wewe umetia sahihi kwamba iliguswa mpaka saa saba na tano."

"Basi nimekosea. Siku kama ile mtu anachanganyikiwa. Nafikiri alikuwa amesimama kula."

"Chakula alichokinunua kwa Mwanasaumu kilikutwa juu ya kabati. Fundo la mfuko halijafunguliwa. Kielelezo nambari nne."

"Alikuwa anasoma ramani."

"Ramani zote zilikuwa kwako."

Nje, dereva wa gari la korti alikuwa akipasha injini moto.

"Toka saa saba kasoro saba mpaka saa saba na tano ni dakika kumi na mbili," Jefwa alisema. Sauti yake haikupanda. "Mko wawili chumbani. Hali. Hachapi. Hasomi. Nataka tu kuandika neno moja hapa, Bwana Kamau. Dakika kumi na mbili, Erastus alikuwa akifanya nini?"

Rama aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Kamau aliomba maji. Yakaletwa. Hakuyanywa, aliishika bilauri.

"Sikusema uongo," alisema mwishowe. "Alikuwa anachapa. Hakugeuka hata kidogo."

Jefwa aliandika.

"Vile viwanja vya Junda nilikuwa nimewaandikia watu wawili wawili. Aliviona alipokuwa anaingiza majina. Akasema anaipeleka rejista mkutanoni, wazee wasomewe. Nilimwambia angoje Jumatatu. Nilimwomba, Afande, nilimwita ndugu yangu. Akaendelea kuchapa kama vile sipo. Tak, tak, tak."

"Na zile dakika?"

"Watu walikuwa wanashuka ngazi kwenda msikitini. Nilingoja waishe." Aliitazama mikono yake. "Na viatu vyangu pale mlangoni. Vilikuwa na kamba. Nilishindwa kuzifunga."

*

Saa tatu, wakati ambao Mwanatatu alitakiwa awe kizimbani, aliletwa mbele ya meza ya mapokezi na kupewa mkoba wake. Jefwa alimwambia aliyekiri ni nani. Mwanatatu akashika ukingo wa meza. Konstebo akampa fomu atie sahihi.

Mwanatatu alikuwa mpiga chapa, na karatasi haikumpita bila kusomwa. Alisoma mpaka chini, akairudisha.

"Hapa pameandikwa naachiliwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha."

"Ndivyo fomu zilivyo," konstebo alisema. "Wote huandikiwa hivyo."

"Sitii sahihi."

Rama alitoka ofisini kwake. "Dada, mlango uko wazi. Nenda kwako ukapumzike."

"Siendi. Mama mkwe wangu ajua kusoma. Nikimpelekea hii atanambia, kumbe ushahidi ungetosha ungefungwa. Na mwanangu hanipi." Aliigonga fomu kwa kidole. "Siku tatu mmeniweka hapa kwa saa ambayo si saa yake. Andikeni."

Rama alimtazama Jefwa, Jefwa akaitazama fomu. Palikuwa na mstari mmoja uliochapwa na nafasi ndogo chini yake. Alichukua kalamu, akaukata ule mstari kwa rula, akaandika kwa mkono wake: *Hakumwua Erastus Mutua. Saa aliyouawa alikuwa Mjambere mbele ya mashahidi watatu. Polisi walikosea saa.*

"Hilo la mwisho litakurudia," Rama alisema.

"Najua."

Alitia sahihi, akaandika cheo na nambari yake, akagonga muhuri. Mwanatatu alisoma, akasoma tena. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya mkoba. Hakushukuru. Alibaki amesimama palepale.

"Kuna jingine?" Jefwa aliuliza.

"Niandikie ya pili," alisema. "Hii ataichana."

Jefwa akavuta fomu nyingine, akachukua rula, akaanza upya.